Hodi Juu ya Maji

Mjomba wangu Adinani alijifunza kuendesha mashua ya tanga akiwa ameshavuka miaka hamsini, tena katika nchi ambayo maji ya kunywa tulikuwa tukiyafukua mchangani na kuyateka kwa kata. Nalisema hili mapema kwa sababu wapo watu hapa Nachingwea, wengine wajukuu zake mwenyewe, wanaodhani nimeitia chumvi habari hii. Sijaitia kitu. Mimi ni Fatu, binti wa dada yake, niliyaona kwa macho yangu mawili, na nilikuwa na haja ya kuyaona kuliko mtu mwingine yeyote.

Alikuwa mkulima. Alizaliwa upande wa Chiola kabla ya vita vya Maji Maji, akalima mtama, mihogo na ufuta, akaoa, akawazika wazazi wake, na baada ya kumzika mama yake akabaki yeye ndiye mkubwa wa mji wetu, yaani wa ukoo wetu. Kwetu Wamwera mjomba si mgeni wa kuja siku ya sikukuu. Watoto wa dada ni wake. Yeye ndiye anayewasemea, yeye ndiye anayewaozesha. Mama yangu, Zaina, alikuwa mdogo wake wa pekee, na walipendana mpaka mke wa Mjomba akaona wivu. Nyumba zao zilitazamana, yake mteremko wa huku, yetu mteremko wa kule. Katikati palikuwa na bonde, na bondeni palikuwa na jaruba la mpunga la bibi yangu na kinjia chembamba kando yake. Ukitoka kwa Mjomba wali umeinjikwa, ulikuwa unafika kwetu haujaiva.

Kisha ukaja Mradi wa Karanga. Waliouona hawahitaji kuelezwa, na wasiouona hawatanisadiki: mitambo iking'oa pori zima kwa minyororo, reli ikitoka baharini, Wazungu wengi kuliko tuliowahi kuwaona maishani. Mitambo ilitaka maji. Mwaka 1949 wakubwa wa miji wakaitwa, wakaulizwa kama wanakubali bonde letu lizibwe, liwe bwawa. Mjomba akakubali, akatia dole gumba kwenye karatasi.

Msimcheke. Sisi bwawa tulilolijua ni lile dimbwi la masika ambamo bata huogelea mpaka mwezi wa saba, halafu tunapanda mboga kwenye tope lake. Mjomba alifikiri ametupatia bata na mboga, na akina mama watapumzika kufukua mchanga. Kosa lake halikuwa hilo. Kosa lake ni kwamba hakumwuliza dada yake, na jaruba lile lilikuwa la mama yao, maana yake kwa desturi yetu lilikuwa la Zaina kabla ya kuwa lake.

Masika ya mwaka 1950, ukuta wa kuziba bonde ukiwa umeshajengwa, mvua ilinyesha siku tisa. Siku ya kumi tulitoka nje asubuhi, bonde halipo. Nilikuwa msichana wa miaka kumi na saba na nilisimama mlangoni nikashika mdomo. Maji yalikuwa yametanda kutoka miguuni petu mpaka chini ya nyumba ya Mjomba, yametulia, yana mbingu ndani yake. Hatukuwa na neno la kuyaita. Jirani yetu mmoja alikaa chini akaanza kusoma Fatiha, na mimi pia niliogopa, lakini kuogopa kule kulikuwa na utamu ambao sijui nimweleze nani.

Mama hakuogopa wala hakushangaa. Alitazama pale palipokuwa na jaruba, akasema maneno ambayo mji mzima uliyashika: "Adinani ameitoa njia ya mama yetu kwa dole gumba. Siku akitaka kuja kwangu, aje kwa njia hiyohiyo. Na aje mwenyewe, asiletwe."

Mjomba alikuja kwa kuzunguka. Kuzunguka kichwa cha bwawa wakati ule ilikuwa nusu siku nzima, tope mpaka magotini. Alisimama uani, akabisha: "Hodi." Mama alikuwa ndani anachagua mchele. "Hodi." Nilimtazama Mama; vidole vyake vilikuwa vinachagua tu. "Hodi." Kwa desturi hodi ni tatu. Ukibisha mara tatu usiitikiwe, unageuza unakwenda zako, hata kama unauona moshi wa jikoni. Mjomba akageuza. Alikuja tena mara mbili mwaka ule, na mara zote mbili aligeuza.

Mama hakunikataza kwenda kwa Mjomba. Alinikataza kumtaja nikirudi.

Sasa mwaka 1951 Salimu wa Mandawa, kule Ruangwa, akatuma watu kuniposa. Nilimpenda, sifichi. Baba yangu alikuwa ameshafariki, na hata angekuwepo, neno la kuniozesha lilikuwa la Mjomba. Mama alikubali posa kwa moyo mweupe, akawaambia washenga kwamba anayesema ni mjomba wa binti, ila mjomba huyo haingii humu ndani. Washenga wakatazamana. Wakarudi Mandawa na jibu kwamba wangoje. Wangoje nini? Bwawa likauke? Nililia mpaka macho yakavimba, nikamwambia Mama kwamba ugomvi ni wao na anayeadhibiwa ni mimi. Aliniambia nikatwange.

Nilikwenda kwa Mjomba nikamwambia hivyohivyo. Mwaka uliotangulia, akiwa kwenye kazi ya kufyeka, tawi la mti lilimwangukia mkono wa kushoto, mfupa ukaunga vibaya. Haukuwa na nguvu hata ya kuinua kata ya maji. Alinisikiliza hadi mwisho akiushika mkono ule. Akasema, "Dada yako mimi simlaumu," kisha akajirekebisha, "mama yako." Alikuwa amechanganyikiwa. Akaondoka kuelekea kwenye ukuta wa bwawa, nikamfuata.

Pale ukutani palikuwa na pampu, na mlinzi wa pampu alikuwa Bernardo, Mmakua kutoka pwani ya Msumbiji, Mkristo, mtu mnene mwenye kucheka. Ujana wake wote aliumaliza baharini, kisha akafuata kazi ya reli, reli ikamleta huku bara, na hapo akabaki. Kando ya nyumba yake palikuwa na mashua ndogo ya tanga, urefu wake kama vitanda viwili. Mzungu mmoja wa Mradi aliileta kwa treni akawa anaichezea bwawani siku za Jumapili. Mradi ulipovunjika Wazungu waliondoka kwa haraka, na yule akamwachia Bernardo. Bernardo alifugia kuku humo.

Mjomba alisimama akiitazama ile mashua. "Hii ina makasia?" akauliza.

"Ina makasia. Lakini kwa mkono huo utazunguka palepale kama ng'ombe wa kinu cha kukamua ufuta. Wewe unataka kwenda wapi, mzee?"

Mjomba akanyoosha mkono mzima kuelekea kwetu, ng'ambo, kusini-mashariki. Upepo wa kusi ulikuwa unavuma kutoka huko huko, unatupiga usoni.

"Nikuvushe?"

"Hapana. Nisiletwe."

Bernardo alikuwa amesikia habari, nani hakusikia? Alikuna kichwa. Akasema ipo njia ya mtu mwenye mkono mmoja: mkono mzima ushike kamba ya tanga, usukani aubane kwapani kwa ule mbovu. Mjomba alifikiri, kisha akauliza swali ambalo hata mimi nililiona ni la haki. Mtu anayepepeta ufuta kila mwaka anajua upepo unapeleka wapi makapi.

"Upepo unatoka kwa Zaina. Utanipelekaje kwa Zaina?"

"Utabisha," akasema Bernardo.

"Nimeshabisha mara tisa," akasema Mjomba. "Haitikii."

Bernardo alicheka mpaka akashika tumbo, Mjomba akakasirika, ikabidi mimi nisimame katikati. Ndipo tulipojua kwamba watu wa vyombo wana kubisha kwao. Chombo kinachokwenda dhidi ya upepo wanasema kinabisha. Bernardo alichora chini kwa kijiti: unakwenda upande, halafu upande mwingine, upande, upande, na kila mara unakuwa umeuibia upepo hatua kidogo. "Upepo huohuo unaokukataa ndio unaokuchukua," akasema. Mjomba aliutazama mchoro ule kama mtu aliyeonyeshwa Kaaba. Alimtaka Bernardo arudie. Bernardo akarudia, na Mjomba akamtaka arudie tena.

Kwanza ilibidi mashua yenyewe iponywe. Jua lilikuwa limezifungua mbao, unaweza kupitisha kidole. Walitoa kuku, wakasugua kinyesi, wakaloweka pamba katika mafuta ya ufuta na kuishindilia kwenye nyufa kwa patasi butu, ufa kwa ufa, wiki tatu. Tanga panya walikuwa wamelimaliza. Mjomba akashona jipya kwa turubai la Mradi na sindano ya magunia, kitambaa akikibana kwa magoti. Katika kazi hiyo Bernardo akamwambia, "Chombo kinataka sifa, mzee. Ukikinyima sifa kinaoza."

Basi Mjomba, mtu wa adabu zake, kesho yake alipofika aliizunguka mashua akaanza kuisifu. Wewe mashua una mbavu nzuri. Wewe mashua huna mwenzio kutoka hapa mpaka Lindi. Nilikuwepo. Alifanya hivyo siku nne, kwa sauti, na Bernardo, yule mshenzi, alimwacha aendelee. Siku ya tano ndipo akamwambia kwamba sifa ni mafuta ya papa wanayopaka vyombo huko pwani. Huku papa hatuna. Mjomba hakucheka wala hakununa. Alikwenda akachoma maganda ya korosho, akakinga mafuta yake meusi, yale anayopaka nguzo za ghala zisiliwe na mchwa. Yalimbabua vidole, lakini mbao zilishiba zikawa nyeusi zinang'aa, na hazikuvuja tena. Bernardo alizigonga kwa kidole akasema pwani wangeyapata mafuta haya papa wangestarehe. Na Mjomba hakuacha kuisifu mashua. Alisema haikuwa na hasara.

Majini sasa. Mjomba hakujua kuogelea, hakuna kwetu aliyejua. Bernardo alimkalisha kwenye maji ya shingo asubuhi nzima ili wazoeane, yeye na maji. Kisha wakaingia chomboni, Bernardo mbele, Mjomba nyuma, usukani kwapani. Mimi nilikaa ukutani. Upepo uliingia kwenye tanga na mashua ikainama, ikaondoka bila mtu kuisukuma, bila moshi, bila ng'ombe, bila kelele yoyote isipokuwa maji kunong'ona ubavuni. Nilikuwa nimeona katapila likiangusha mbuyu, na nilikuwa nimeona treni. Sikuwahi kuona kitu kama kile. Machozi yalinitoka na sikujua ninalia nini.

Walipokaribia matete Bernardo akapiga kelele: "Bisha!"

Mjomba akaitika kwa nguvu zake zote: "Hodiii!" Na usukani hakuusukuma. Mashua ikaingia kwenye matete nzima nzima, Bernardo akatumbukia.

Siku ya pili ikawa hivyohivyo. Neno lilikuwa limemkaa mdomoni tangu utotoni na mkono ukawa nyuma ya mdomo. Mwisho Bernardo akakata tamaa akamwambia, sawa mzee, piga hodi yako, lakini ukipiga hodi sukuma na usukani. Hapo ndipo ulimi na mkono vikapatana. Akisema "Hodi!" anausukuma usukani kwa ubavu, anainama, tanga linavuka juu ya kichwa chake, mashua inageuza pua. Hakuweza kugeuza bila kusema.

Alijifunza karibu miaka miwili, nyuma ya kona ya ukuta ambapo kutoka kwetu hapaonekani. Alipinduka mara moja akanywa maji ya kutosha, akatolewa kwa kunyooshewa mti. Lakini jambo moja lilimshangaza Bernardo, naye aliniambia mwenyewe. Mjomba aliujua upepo kabla haujafika. Miaka arobaini amesimama na ungo wa ufuta anangoja upepo, basi alikuwa akitazama majani ya mihogo juu ya mteremko na kulegeza kamba kabla mashua haijatikisika. "Mabaharia niliowajua wengi walizaliwa chomboni," alisema Bernardo, "na hawakuwa na jicho lile." Mjomba naye alikuwa akirudi nchi kavu uso umemwangaza, ananiambia, "Fatu, kuna kitu Mungu alikificha ndani ya upepo, na mimi nimekifunua nimezeeka." Akawa anarudia kunieleza jinsi unavyoibia upepo, kama mtu ambaye bado hajaamini kwamba ni kweli.

Mwezi wa saba mwaka 1953, saa nne asubuhi, mimi na Mama tulikuwa uani tumetandaza ufuta. Kusi ilikuwa kali. Mbali, kwenye maji, tukasikia: "Hodi!"

Mama aliinua kichwa, akatazama mlangoni. Hakuna mtu. Nikaona mimi kwanza: tanga la rangi ya udongo likitokea kwenye kona, mtu mmoja chini yake. Nikadondosha ungo. Hakuwa anakuja kwetu. Alikuwa anakwenda mkono wa kushoto kabisa, kwenye ile miti miwili iliyokufa ambayo vichwa vyake bado vilitoka majini. Nilijua miti ile. Ilikuwa kando ya kinjia cha bibi.

"Hodi!" Tanga likavuka, mashua ikageuza kulia. Ilikuwa imekaribia.

"Nani yule?" akauliza Mama. Alijua ni nani.

"Hodi!"

Hiyo ilikuwa ya tatu. Mama alisimama katikati ya ufuta, mikono imening'inia, na mdomo wake haukufunguka. Hapo mashua ikatupa kisogo. Mwendo wa kushoto ulikuwa unaipeleka mbali na nyumba yetu, kuelekea ng'ambo ya magharibi, na kwa macho ya mtu asiyejua kubisha, Mjomba alikuwa amepiga hodi zake tatu, hakuitikiwa, anakwenda zake kama desturi inavyosema.

"Amekwenda," akasema Mama. Alisema polepole, na sauti iliyotoka haikuwa ya Zaina mkali, ilikuwa ya mtoto aliyeachwa njiani. "Fatu. Kaka amekwenda."

Mimi nilijua. Ningeweza kumwambia kwamba hajakwenda, kwamba ndivyo wanavyokuja. Nilijikaza nikauma kanga. Tanga likazidi kuwa dogo, na Mama akatoka ufutani, akakanyaga ufuta wake mwenyewe, akaanza kuteremka kuelekea majini, kwanza akitembea, kisha akikimbia, mama wa miaka karibu hamsini.

"Hodi!"

Ya nne. Alisimama. Mashua ikageuza pua, ikaja, imeinama ubavu mmoja, maji meupe yanapasuka mbele yake, inakuja kwa mshazari dhidi ya upepo uliokuwa unatoka mgongoni kwa Mama na kuipepea kanga yake mbele. Aliuhisi upepo ule mgongoni. Aliiona mashua inakuja dhidi yake. Akaweka mikono miwili kichwani akasema, "La ilaha illallah," na miguu ikaingia majini bila yeye kujua.

"Hodi!" Ya tano, karibu kabisa, sauti imekauka.

"Mbishi!" Mama akapiga kelele, analia. "Mbishi mkubwa wewe! Hodi gani hizi zisizo na idadi? Karibu! Karibu, kaka, karibu!"

Mjomba alilegeza kamba, tanga likapigapiga, mashua ikasimama kwenye mchanga mbele ya magoti ya Mama. Hakushuka. Alikaa palepale, usukani bado kwapani, anahema. "Nimepita njia ya mama," akasema. "Nimeifuata mti kwa mti. Iko chini, Zaina, lakini ni hiyohiyo. Na sikukuuliza wakati ule. Nilipaswa kukuuliza."

Mama alimshika ule mkono mbovu, ambao hakuwahi kuuona tangu uvunjike, akaugeuza, akauangalia. Alimshusha kwa mkono huohuo.

Siku hiyo Mjomba alikula wali kwetu, akasema neno langu kabla hajanawa, na washenga wa Mandawa wakaitwa wiki ileile. Salimu husema hakungoja sana. Mwongo huyo.

Alasiri Mjomba alipotaka kurudi, Mama alifunga kanga kiunoni akapanda mashuani bila kuulizwa, akaniamuru na mimi nipande. Upepo ulikuwa mgongoni sasa. Mjomba alilifungua tanga lote na mashua ikateleza imenyooka, kimya, juu ya jaruba la bibi. Mama aliinama ukingoni akatia mkono majini mpaka kwenye kiwiko, akawa anatazama chini, anatazama tu, nami nilitazama, na huko chini kulikuwa na mwanga wa kijani unaoteremka mahali tusipopaona. Tulikaa hivyo mpaka katikati ya bwawa.

Kisha akainua uso. "Mbona sasa hubishi?"

"Nibishe nini?" akasema Mjomba. "Upepo ni uleule wa kwako, ila sasa tunakwenda nao."